Panga Lisilopita Motoni

Mwalimu mmoja alikuwa na wanafunzi arobaini na mmoja, na swali moja la kuwapa. Jina lake Kokusima. Alifundisha biolojia katika sekondari ya kata huko milimani, nchi ya migomba. Mwaka ule mnyauko ulikuwa umeingia mashambani. Mgomba unauacha ukiwa mzima, wiki mbili baadaye majani yamelegea, na ukiukata, shina linatoa usaha wa njano. Kwa watu wale mgomba si zao la kupeleka sokoni tu. Ndio chakula chao cha mchana na cha jioni, ndio pombe ya posa, ndio kivuli juu ya kaburi la baba. Kisha ikaletwa habari ya miche mipya, iliyooteshwa maabara ndani ya chupa, isiyo na ugonjwa wowote. Ikabidi kijiji kiamue kama kiipande au kiiache. Mwenyekiti akaiomba shule iwachunguzie, kwa kuwa wasomi ndio wao.

Kokusima alifurahi kama aliyepewa mvua. Miaka kumi na miwili alikuwa akifundisha bioteknolojia kwa chaki na mate, na leo imekuja yenyewe mpaka mlangoni. Akaandika ubaoni: Miche ya chupa inatufaa sisi? Chini yake akaweka maswali manne. Nani amesema? Ameona kwa macho yake au amesikia? Ilipandwa wapi, ikapona mingapi, ikafa mingapi, na kwa nini? Nani ananufaika sisi tukiamini? Akawapa wiki tatu, akawaambia wasiishie kusoma, watoke wakatazame. Alifundisha vizuri siku ile. Hilo tusimnyime.

Wiki tatu zikaisha. Wanafunzi arobaini wakaleta karatasi arobaini, na zote zilikuwa karatasi moja. Faida tano, hasara tano. Mmoja wao aliazima simu ya dada yake akaandika alichokikuta mtandaoni, wengine wote wakaandika kutoka kwake. Walinakili kila kitu, hata yale maneno "kama inavyoonekana katika picha hapo juu," na hapo juu hapakuwa na picha yoyote. Vichwa arobaini, na hakuna hata kimoja kilichoinuka kuuliza picha yenyewe iko wapi! Inatia hasira, na pabaya bado hatujafika.

Wa arobaini na moja alikuwa msichana aitwaye Delfina. Huyu alitembea saa mbili mpaka ng'ambo ya bonde kwa shangazi yake, ambako miche ya chupa ilikuwa imepandwa mwaka uliotangulia. Aliingia mashamba saba, akahesabu shimo kwa shimo. Katika matano, zaidi ya nusu ya miche ilikuwa imenyauka. Katika mawili, haukunyauka hata mmoja. Akawauliza wenye mashamba yale mawili walifanya nini ambacho wenzao hawakufanya. Wakamwonyesha jiko la mkaa pembeni mwa shamba: kila wakimaliza kukata mgomba mmoja, panga hupita motoni kabla ya kugusa mwingine. Wenye yale mashamba matano walikata mgomba wa zamani ulioumwa, kisha kwa panga lilelile wakapunguza majani ya mche mpya. Mche ulitoka chupani ukiwa safi. Ugonjwa uliletwa na mkono wa mwenye shamba.

Delfina aliyaandika yote hayo kwenye kurasa mbili, zenye jedwali lililopinda na madoa ya utomvu wa mgomba, yale yasiyotoka kwa sabuni. Mwishoni aliandika kwamba miche inafaa, ila ikipandwa na watu wasiobadili namna ya kukata, itakufa kama migomba ya kwanza.

Kokusima alikaa kusahihisha mchana wa Ijumaa. Mkuu wa shule alitaka alama kabla ya kengele ya mwisho. Mezani palikuwa na mwongozo wa kusahihishia, uleule wa kila mwaka: alama mbili kwa kila faida, alama mbili kwa kila hasara. Alijua kwamba karatasi zimenakiliwa. Alijua! Alipokutana na ile picha isiyokuwepo mara ya tatu, alicheka. Mara ya kumi hakucheka. Mara ya ishirini hakuiona tena, mkono ulishazoea, vema, vema, vema. Ilipofika karatasi yenye madoa akatafuta faida ya kwanza, hakuipata. Akatafuta hasara ya kwanza, nayo hakuipata. Hakusoma. Akachora sifuri kwa kalamu nyekundu, akaandika pembeni "Hukujibu swali," akavuta karatasi inayofuata.

Siku ya mkutano, wanakijiji walisomewa karatasi iliyopata ishirini kwa ishirini. Wakapiga makofi, wakaamua miche ipandwe. Kule nyuma Delfina aliinua mkono. Kokusima alimwona, akamwashiria aushushe, asije akaiaibisha shule mbele ya kijiji. Mkono ukashuka. Kijiji kikang'oa migomba yake yote, mibovu na mizima, hata iliyokuwa juu ya makaburi, kikapanda miche ya chupa. Kiliing'oa kwa mapanga yale yale ambayo baadaye yalipunguzia majani ya miche. Kokusima naye alipanda thelathini nyuma ya nyumba, kwa ajili ya mama yake mzee ambaye hali kitu kisicho ndizi.

Mwaka haukuisha. Asubuhi moja Kokusima alikuta mche wa kwanza umelegea. Akaukata, usaha wa njano ukatoka. Akahamia wa pili, akahamia wa tatu, panga mkononi, akiwalaani watu wa maabara kwamba wamewaletea uongo ndani ya chupa. Delfina alikuwa akipita njiani na ndoo ya maji. Akasimama, akalitazama lile panga. Mwalimu akamgeukia kwa ukali, akamuuliza kwa nini yeye na wenzake, waliotumwa kuchunguza, hawakuwaambia watu ukweli.

"Nilikuambia, Mwalimu," alisema Delfina. "Ukanipa sifuri."

Akaenda zake na ndoo yake. Kokusima aliliacha panga pale pale, akaenda shuleni na matope miguuni, akafungua kabati la karatasi za zamani. Akaisoma ile yenye madoa kwa mara ya kwanza, akiwa amesimama. Yote yalikuwemo: mashamba saba, jiko la mkaa, moto. Hasira ikamjaa. Alitafuta wa kumtupia. Mkuu wa shule alitaka alama tu, mwongozo ni karatasi tu, watoto walinakili kwa kuwa miaka yote kunakili kulilipwa vizuri. Na nani aliyewalipa? Hasira ikazunguka ofisi nzima ikarudi kwake, maana ule mkono ulikuwa wake. Jioni ile mama yake aliuliza ndizi za msimu ujao zitatoka wapi.

Basi ninyi mnaosahihisha kazi za watoto wa watu, kalamu hiyo inayotoka karatasi hii kwenda ile, mara ya mwisho mliipitisha motoni lini?