Nyumba Isiyoitika Hodi

Hapo zamani, zamani za magobori na milango ya matete, alikuwapo mjane jina lake Kabula. Mumewe aliuawa na wezi mchana kweupe, siku ya gulio. Na wezi wenyewe walikuwa na adabu, nawaambieni! Walipiga hodi kwa sauti tamu, mzee akaitika, "Karibuni," akafungua, wakampiga rungu la kichwa.

Kabula akabaki na watoto watatu: Lushinge, Ngassa, na binti, Mbula, aliyeolewa kijiji cha pili. Akawaita wote. "Hodi ndiyo iliyomuua baba yenu. Hapa kwangu asipige mtu, asiitike mtu."

Wezi nao wana masikio. Wakaacha hodi, wakawa wanakuja kimya.

Lushinge akaenda kwa mwindaji kujifunza bunduki. Alirudi anapasua kibuyu kilichotundikwa mwisho wa shamba. Ngassa hakushika silaha. Yeye alijifunza kutazama: nyayo ngeni kisimani, ndege walioruka ghafla, mbwa anabweka vipi na anamnyamazia nani. Aliwahi kuwaonya majirani, wezi wakakuta njia imejaa marungu, wakageuza.

"Macho hayaui mwizi," Lushinge akacheka.

"Na risasi haiulizi jina," Ngassa akajibu.

Ikafika siku ya gulio. Asubuhi Lushinge akamtania nduguye mbele ya wakwe zake waliopita wakienda gulioni: "Huyu mwacheni na mbwa wake, woga umempa kazi ya kuchungulia." Wakwe wakaangua kicheko.  Ngassa akaapa moyoni hatamwambia tena neno.

Adhuhuri mlango wa uani ukasukumwa. Lushinge akainua bunduki, akalenga matete ya mlango kabla haujafunguka. Ngassa, dirishani, akamwona mbwa anatikisa mkia, akajua huyu ni wa nyumbani. Akanyamaza. Alitaka kaka aaibike kwa kumlenga ndugu, hakudhani atafyatua. Kabula naye alitaka kuuliza, "Nani?" Neno likamfika kooni. Lakini amri ilikuwa yake mwenyewe, akalimeza.

Bunduki ikalia.

Alikuwa Mbula, kuku mkononi, amekuja kumjulia mama hali. Hakupiga hodi. Mama alikuwa amekataza.

Mila ya kwao ilikuwa kali: damu ya ndugu ikimwagika, mwenye kosa huhama asirudi, na mama wa marehemu ndiye anayemtamka.

Baada ya maziko, pale kaburini, Lushinge akalia, "Mliniweka nilinde mlango, nikaulinda. Aliyejua ni huyu, anayemsoma mbwa!"

"Mimi nilinyamaza tu," akasema Ngassa. "Ulimi wangu haukumtoboa mtu. Nawe una macho kama mimi, kaka. Ulijifunza kulenga, kutazama ukaona ni kazi ya waoga."

Majirani wakadakia. "Bunduki ikihama, nani atatulinda?" "Na macho yakihama, je?" Wakabishana palepale, udongo wa kaburi haujakauka. Mbula hakuna aliyemtaja.

Kabula akapaza sauti. "Mnagombea walinzi, na mwanangu yuko chini! Na mimi je? Mbona mimi hamnitaji?"

Wakainamisha vichwa. Nani amhukumu mama mfiwa usoni? Wakamsubiri yeye atamke.

Haya, ninyi mnaotafuna karanga zangu, nanyi msiniinamishie vichwa. Mmoja lazima ahame. Je, ni nani aliyestahili: aliyefyatua, aliyejua akanyamaza, au aliyekataza hodi?