Mzee Aliyepeleka Mbuzi Kwenye Kiwanda cha Ndege

Soma kisa hiki mpaka mwisho hata kama una haraka. Mimi nililetewa na mtu, nikaanza kukisoma nimesimama mlangoni, nikamaliza nimekaa chini.

Katika mji mmoja wa milimani aliishi fundi aitwaye Semkiwa. Kazi yake ilikuwa kutengeneza mashine za kukoboa kahawa. Siku moja akawaambia watu kwamba atatengeneza ndege. Wakamwona kachanganyikiwa.

Ndege yake ya kwanza haikupaa. Ilikimbia, ikaruka mtaro, ikaishia katikati ya shamba la mkonge. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Semkiwa naye akacheka, kisha akarudi kwenye karakana yake. Ya pili ilipaa.

Mwaka wa mafuriko hakuna aliyecheka tena. Madaraja yalikuwa yamesombwa, barabara zimekatika, na ndege kubwa hazikuwa na pa kutua. Ndege ndogo za Semkiwa zilitua hata kwenye viwanja vya mpira. Zilipeleka unga na dawa, zikarudi na wagonjwa na wajawazito. Watu wakazipa jina la Mwewe, na jina hilo likawa la kiwanda.

Kiwanda kikakua. Karakana moja ikawa mabanda makubwa, mafundi wachache wakawa mji mzima wa wafanyakazi, na ndege za Mwewe zikanunuliwa na nchi za jirani, kisha na nchi za ng'ambo. Mtu akisema anafanya kazi Mwewe, hata wakwe walimpa kiti cha mbele.

Semkiwa alipofariki, mwanawe Mbelwa alishika ukurugenzi. Mbelwa hakuwa mtu mbaya. Nalisema hili mapema ili tusidhani kisa hiki kinahusu watu wengine, sio sisi. Alikuwa mchapakazi, aliwajua mafundi kwa majina, na alikwenda kwenye misiba yao. Kasoro yake ilikuwa moja: aliogopa sana kuitwa mtoto aliyeangusha kazi ya baba yake.

Ikaja nchi moja kutaka ndege nyingi kwa mpigo. Ilikuwa kazi kubwa kuliko zote zilizowahi kuingia Mwewe, na ilitakiwa upesi.

Kilichochelewesha kazi kilikuwa kiungio cha bawa, yaani kile chuma kinachoshika bawa na mwili wa ndege. Tangu enzi za Semkiwa kiungio hicho kilifuliwa kwa kipande kimoja kizima, polepole. Mbelwa akaagiza kitengenezwe kwa vipande viwili vilivyofungwa pamoja.

Injinia mkuu wa kiwanda, mama mmoja aitwaye Hidaya, alimfuata ofisini.

"Mkurugenzi, hicho kiungio hatujakijaribu vya kutosha. Tupe muda."

"Baba alikuwa na muda," Mbelwa akajibu. "Mimi sina."

Hidaya akatoka. Viungio vipya vikafungwa.

Ndege za kwanza ziliruka vizuri. Kisha siku moja rubani wa kiwanda, kijana aitwaye Twaha, alitoka na ndege mpya kuipeleka kwa wenyewe. Alikuwa peke yake. Hakufika. Ndege ilianguka kwenye vilima, na Twaha akafa papo hapo.

Kesho yake waandishi wa habari walijaa kwenye uwanja wa kiwanda. Walitaka kujua kama ndege za Mwewe ni salama. Mbelwa alikuwa hajalala. Kulikuwa na uvumi tu, maneno ya watu wa kantini, kwamba vijana marubani siku hizi wanajirusha na pombe. Akasimama mbele ya vinasa sauti akasema:

"Ndege yetu haikuwa na tatizo. Kuna dalili kwamba rubani alikuwa amekunywa pombe."

Hakusema kwamba ana uhakika. Alisema dalili. Lakini jioni redio haikutaja dalili. Redio ilisema rubani mlevi.

Mbelwa aliposikia, akaizima redio. Kisha akajituliza: kijana amekwisha kufa, maneno hayawezi kumdhuru. Wanaokula kupitia kiwanda hiki ndio walio hai.

Baada ya muda Hidaya alirudi kutoka kwenye vilima na kipande cha chuma kimefungwa kwenye kitambaa. Alifunga mlango wa ofisi, akakiweka mezani. Kilikuwa kiungio cha bawa. Kilikuwa kimepasuka pale pale vipande viwili vilipokutana.

"Bawa lilikuwa linaachia angani," Hidaya akasema. "Na hata hivyo, walioona wanasema, kijana aliigeuza ndege. Chini yake palikuwa na mnada, watu wamejaa na ng'ombe wao. Aliipeleka kwenye mawe, mbali nao. Mlevi hawezi kufanya hivyo, Mkurugenzi."

Mbelwa alikitazama kile chuma bila kukigusa.

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi na wewe. Na Mungu."

"Nipe siku chache, Hidaya. Nitafute namna ya kulisema."

Siku chache zikawa wiki, na wiki zikawa mwezi. Kila asubuhi Mbelwa aliamka akiwa na nia ya kusema, na kila jioni alikuwa na sababu ya kungoja kidogo. Ndege za aina ile ziliendelea kuruka. Hidaya alipokutana naye kwenye varanda alimsalimu, wala hakuongeza neno. Mbelwa akaanza kupita mlango wa nyuma.

Ndipo alipokuja mzee.

Alikuja asubuhi, wakati wafanyakazi wanaingia zamu, amevaa kanzu iliyopigwa pasi na koti la zamani. Mkononi alishika kamba, na nyuma ya kamba kulikuwa na mbuzi beberu, mweupe, mnene. Walinzi wakamzuia. Mzee akasema kwa upole kwamba haondoki mpaka amwone mkurugenzi, na kwamba lililomleta ni la heshima. Mbelwa alikuwa ndiyo kwanza anashuka kwenye gari.

"Shikamoo, mzee," akasema. "Nikusaidie nini?"

"Marahaba, baba. Mimi naitwa Kilua. Mimi ndiye baba yake Twaha."

Mbelwa alijua saa yake imefika. Alingoja tusi, au kofi, au laana, na ndani yake alitamani vije ili yaishe.

Mzee Kilua akavua kofia.

"Nimekuja kuomba radhi," akasema.

Wafanyakazi waliokuwa wakipita wakasimama.

"Nilimlea yule mtoto kwa dini. Sikujua ameanza kunywa, nakuapia. Angekuwa hai ningemleta hapa kwa sikio. Lakini amekufa, na mtoto akiharibu, mzazi ndiye hujibu. Ameharibu chombo chenu. Ameharibu jina la marehemu baba yako, aliyetuletea unga wakati wa mafuriko. Mama yake na mimi tumeona aibu hata kuweka matanga. Tulimzika asubuhi mapema na watu wachache, kama tunaficha kitu. Huyu mbuzi si malipo, siwezi kulipa ndege. Ni kukuomba tu usimlaani mwanangu huko aliko. Tusamehe, baba."

Akanyoosha kamba.

Wafanyakazi walikuwa wanamwangalia Mbelwa. Hidaya naye alikuwa amesimama mlangoni pa banda.

Hapo ndipo ungetegemea Mbelwa apige magoti aseme kweli. Hakupiga magoti. Alitazama zile nyuso zote, akanyoosha mkono akapokea kamba.

"Tumesamehe, mzee," akasema.

Mzee Kilua akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akamshukuru, machozi yanamtoka. Kisha akavaa kofia yake, akaondoka mwepesi kama mtu aliyetua mzigo.

Mbuzi akafungwa kwenye nguzo chini ya dirisha la ofisi. Akalia. Mbelwa alifunga dirisha, bado alimsikia. Mpishi wa kantini akaja kuuliza kama achinjwe, wafanyakazi wapate supu.

"Asiguswe!" Mbelwa alifoka hata yeye mwenyewe akashtuka.

Chakula cha mchana kililetwa, kikapoa, kikaondolewa. Aliyaona mashavu ya yule mzee yaliyolowa. Aliisikia sauti yake mwenyewe ikisema "tumesamehe," akatamani kujiziba masikio. Alikuwa amemsingizia maiti. Sasa alikuwa amepokea radhi ya mtu aliyedhulumiwa naye, mbele za watu, na akashukuriwa.

Kabla jua halijazama alimpakia mbuzi kwenye gari, akaendesha mwenyewe hadi kijijini kwa Mzee Kilua.

Alimkuta uani na mkewe, wanachambua maharage. Wakainuka haraka kumpisha kiti. Hakukaa. Alipiga magoti pale pale kwenye maganda ya maharage.

"Mwanenu hakunywa," akasema. "Ni mimi. Niliharakisha kazi, chuma kikavunjika. Nimelijua hilo zaidi ya mwezi. Asubuhi nilipopokea huyu mbuzi nilikuwa nalijua."

Mama Twaha alikuwa ameshika ungo. Taratibu akauweka chini.

"Sikumlilia," akasema, kama anaongea peke yake. "Mwanangu. Nilimkasirikia, sikumlilia."

Akaingia ndani, na kutoka ndani wakasikia kilio ambacho Mbelwa hakupata kukisahau maisha yake yote.

"Nimekurudishia mbuzi wako," Mbelwa akasema, kwa kukosa la kusema.

"Mbuzi baadaye," mzee akajibu. "Kwanza rudisha maneno. Hukuyasemea uani kwangu. Uliyasemea kule, watu wote wakayasikia. Nenda kayarudishie kule kule."

Kesho yake Mbelwa aliwaita waandishi wa habari kwenye uwanja ule ule. Aliwaita na wafanyakazi wote. Alisema kila kitu: kiungio, haraka yake, uongo wake, na namna Twaha alivyoigeuza ndege kuwaokoa watu wa mnada. Hakutumia neno dalili. Alipomaliza hakuna aliyepiga makofi. Fundi mmoja mzee, aliyeanza kazi na Semkiwa, alivua ovaroli yake, akaiweka chini, akaenda zake.

Ndege zote za aina ile zikazuiwa kuruka. Ile nchi iliyoagiza ikajitoa. Mabanda yakanyamaza, na wengi wakarudi makwao bila kazi. Wapo waliomlaani Mbelwa kwa kudanganya, na wapo waliomlaani kwa kusema kweli.

Hidaya na mafundi wakaanza kufungua ndege moja baada ya nyingine. Nyingi zilikuwa nzima. Kisha wakaifungua ile iliyokuwa ikiwabeba madaktari na wauguzi kwenda vijiji vya mbali. Hidaya akamwita Mbelwa.

"Weka ukucha hapa," akamwambia.

Mbelwa akaweka. Ukucha ulizama kwenye ufa. Chuma kilikuwa kimekatika zaidi ya nusu.

"Walipanda hii siku moja kabla hujasema," Hidaya akasema. "Siku moja, Mkurugenzi. Wakati wewe unatafuta namna ya kulisema."

Mbelwa akatoka nje ya banda, akaenda ofisini kukusanya vitu vyake.

Aliacha ukurugenzi, akamkabidhi Hidaya. Mwewe haikufa, ila ilirudi kuwa ndogo, na ilichukua miaka mingi watu wazipande ndege zake bila kuuliza maswali.

Kijijini, Mzee Kilua na mkewe walimsomea mtoto wao hitima. Safari hii watu walikuja kutoka kila upande, hata wachuuzi wa ule mnada walikuja na ng'ombe wa kuchinja. Mbelwa naye alikwenda. Hakualikwa, ila aliona kutokwenda ni kubaya zaidi. Alikaa pembeni kabisa, karibu na wanaoosha vyombo.

Dua ilipokwisha, masinia ya pilau yakaletwa. Watu wakakaa watano watano, sita sita. Sinia moja likawekwa mbele ya Mbelwa, na hakuna aliyelisogelea. Alibaki nalo peke yake, macho ya watu mgongoni, hajui anawe au aondoke.

Mzee Kilua akainuka katikati ya wageni wake. Akavuka ua wote polepole, akaketi mbele ya lile sinia, akanawa.

"Mzee, mimi sistahili," Mbelwa akanong'ona.

"Najua," mzee akasema. "Kula."

Akamega nyama ya yule mbuzi, akamsogezea. Mbelwa aliitia mdomoni, na machozi yakawa yanamdondokea kwenye wali mbele za watu wote. Mzee hakumwambia anyamaze.

Kama unamjua mtu ambaye bado anatafuta namna ya kulisema jambo, mpelekee kisa hiki leo.

Funzo: Ukimsingizia asiyeweza kujitetea, aibu yako unawabebesha wasio na hatia. Ikiri mapema, kabla hawajaja kukuomba radhi kwa kosa lako.