Sultani Aliyemkana Mkewe kwa Macho

Ukiamka kesho ukamkuta mkeo ana uso uleule, na moyo wako ukasema huyu siye, utamwamini nani? Usijibu upesi, wenzako walijibu upesi, na nusura mtu achinjwe.

Katika mji wa Manzara alitawala Sultani Nabhani bin Sefu pamoja na mkewe Mwana Hidaya, na mtoto wao wa pekee akafa kwa ndui, na Sultani hakutoa chozi, na watu wakaisifu subira yake. Hata asubuhi moja akamtazama mkewe, akang'aka: "Ewe jini, umemficha wapi mke wangu?"

"Bwana wangu, nimekuwa jini tangu lini? Jana tu ulinilalamikia mchuzi."

"Sura ni yake, na habari zake unazijua. Lakini nikikutazama, ndani yangu haitikii mtu."

Wanavyuoni wa baraza, ambao hawajapata kukosa jibu, wakahukumu bibi apungwe, na jini asipotoka, achinjwe naye humohumo.

Fundi wa kupunga pepo, Binti Serenge, akamketisha Mwana Hidaya kitini, akamfunika shuka jeupe gubigubi, akafukiza udi, na ngoma zikalia mpaka wapigaji wakalowa jasho, na jini hakupanda. Askari akachomoa jambia, akamwekea bibi shingoni. Chini ya shuka ikatoka sauti ndogo: "Nabhani, usiniache na watu hawa."

Sultani akaruka. "Mwacheni, ndiye huyo!" Akalivuta shuka, akauona uso, akarudi nyuma akitweta. "Siye. Siye."

Binti Serenge akazinyamazisha ngoma. "Sikio linamjua, jicho linamkana. Mabwana, tumemketisha kitini asiye mgonjwa."

"Sultani apungwe?" wakaguna wanavyuoni.

Binti Serenge akamsogezea Sultani chetezo cha udi, na kinywani mwa Sultani ikatoka sauti isiyo yake, nzito, baridi:

"Mwanamke sikumgusa. Mimi jini Maimuni nilitumwa humu kukata uzi mmoja baina ya jicho na moyo, nami nimeukata. Aliyenituma akikiri, nitaufunga. Asipokiri, chinjeni."

Sauti ikaondoka. Jambia lilikuwa bado shingoni mwa Mwana Hidaya.

"Sema, bwana," akasema Mwana Hidaya. "Shingo ni yangu, si yako."

Sultani akamtazama yule mgeni mwenye uso wa mkewe.

"Nilimwita mimi. Siku tuliyomzika mtoto. Kila nikikutazama nilimwona yeye, nikamwomba jini aniondolee uchungu huo. Nilidhani atachukua uchungu peke yake." Akamtazama tena, na ndani yake pakaitika mtu, na uchungu ukarudi pamoja naye.