Upinde wa Jilo

Haya, paukwa!

Pakawa!

Sauti gani hiyo? Mmeshiba mpaka hamwezi kuitikia? Tena, paukwa!

Pakawa!

Ahaa! Basi kaeni vizuri, hasa nyinyi mlioegemea ukuta, maana hadithi hii ni yenu.

Hapo zamani, zamani sana, wanyama walipokuwa wakisema na watu wakawaelewa, palikuwa na kijana wa jamii ya wawindaji, jina lake Jilo. Marehemu baba yake alimwachia upinde mrefu, mgumu kuuvuta. Lakini ukiuvuta, mshale wake ulizama kwenye mnyama hadi kwenye manyoya ya mshale wenyewe.

Jilo alimpenda Elema. Elema naye alimpenda Jilo, msiniulize kwa nini. Ila kwao kulikuwa na desturi. Anayetaka mke huwinda mnyama kwa upinde wake mwenyewe, humbeba begani mwake mwenyewe, humtua mlangoni kwa mama mkwe.

Mama yake Elema akasema, "Jilo mwanangu, mvua ikinyesha sijaona nyama, binti yangu namwoza kwingine."

"Mvua bado sana, mama," Jilo akajibu, akarudi kukaa.

Siku hizo wachuuzi walikuwa wameanza kuleta sukari na maandazi kando ya pori. Jilo akawa mtu wa maandazi. Asubuhi maandazi, mchana maandazi, jioni chai ya sukari mpaka midomo inanata. Wenzake wakienda porini, yeye amelala chali. Kitambi kikatoka, kikawa kinamtangulia kila aendako.

Siku moja akashika upinde. Akavuta, haukupinda. Akavuta tena, jasho likamtoka, akakaa chini anahema. Kumbe Ngiri alikuwa akimchungulia kutoka shimoni kwake.

"Pole, bwana mwindaji," Ngiri akasema. "Mkono wako hauna kosa hata kidogo. Upinde ndio wenye kiburi. Uchonge kidogo, utalainika."

Mbwa wa Jilo, mwembamba, mwenye mbio, akashtuka. "Bwana, huyo ni kitoweo! Leo kitoweo ndicho kinachokufundisha upinde? Inuka tukakimbie, mkono utarudi."

"Nyamaza! Ngiri ana adabu kukushinda wewe."

Jilo akatoa kisu, akachonga huku akiimba:

Chonga, chonga, mti ulainike,
Jilo hana kosa, Jilo apumzike!

Upinde ukavutika. Jilo akafurahi, akajipongeza kwa maandazi. Akajipongeza wiki nzima. Alipoushika tena, ukamshinda.

"Kiburi chake kimerudi," Ngiri akasema. "Ongeza kuchonga."

"Bwana, tukakimbie," Mbwa akasema.

"Nyamaza!"

Chonga, chonga, mti ulainike,
Jilo hana kosa, Jilo apumzike!

Akajipongeza tena. Mara ya tatu upinde ukamshinda, na mara ya tatu Ngiri akampa pole. Mbwa akajilaza, amechoka kusema. Jilo akachonga mpaka upinde ukawa mwembamba, hata mtoto mchanga angeuvuta. Akauvuta kwa vidole viwili, akacheka. "Mwaonaje! Nimepata nguvu!"

Lo! Nguvu hizo!

Mawingu yakakusanyika. Elema akaja mbio, macho yamejaa machozi. "Jilo, huoni mbingu? Mama ameshamwita Dida, mwindaji mwenzako, aje kunioa. Mimi simtaki Dida, nakutaka wewe. Nenda, tafadhali!"

Hapo ndipo moyo ulipomruka Jilo. Akaingia porini na mbwa wake, akipumzika kila kichaka. Na wamkute nani njiani? Ngiri, kasimama ubavu, anatafuna majani.

Jilo akasema moyoni, "Rafiki ni rafiki, lakini mke ni mke." Akavuta. Akaachia. Mshale ukaenda polepole, ukagonga paja la Ngiri, ukakwama kwenye tope lililomkaukia ngozini, ukaanguka chini.

"Asante," Ngiri akasema. "Hapo palikuwa pananiwasha. Hebu nikune na upande wa pili."

Kisha akainamisha pembe zake za mdomoni, akamjia. Jilo akakimbia hatua chache, pumzi kwisha! Akauona mti, kitambi kikakataa kupanda. Akaliona shimo, akajitosa kichwa mbele. Mabega yakaingia. Tumbo likagoma.

"Mgeni gani huyu?" Ngiri akamdunga makalio. "Kwangu watu huingia kinyumenyume!"

Mbwa akabweka, akamwuma Ngiri miguu mpaka akamfukuza, kisha akakimbia kumwita Elema. Elema akamvuta Jilo miguu, akamtoa, amejaa vumbi mpaka puani. Akauokota upinde, akaugeuzageuza.

"Mkono ungerudi, Jilo," akasema. "Ningemwomba mama, tungekungoja. Lakini mti uliouchonga utaurudisha wapi?"

Tone la kwanza likamwangukia Jilo usoni. Elema akaondoka akilia. Mbwa akamtazama bwana wake, akamtazama Elema, akamfuata Elema.

Ngiri naye hakucheka sana. Mbwa alilijua shimo lake, akampeleka Dida. Dida akavuta upinde wa kweli, akambeba Ngiri begani hadi mlangoni kwa mama mkwe.

Harusini Jilo akaalikwa. Ugali ulisongwa kwa upinde wake, maana haukuwa na kazi nyingine. Akapewa paja la Ngiri, lile lile alilolikuna. Akala huku analia. Alipomaliza, akaomba aongezwe.

Basi, mwili ukilegea, uamshe mwili. Ukipunguza kazi ili ilingane na uvivu wako, utapunguza mpaka ubaki mikono mitupu. Na anayekusifia uvivu, mtazame vizuri: huenda ndiye uliyepaswa kumla.

Hadithi yangu nimeitua hapa. Iliyokuwa tamu ni ya wote, iliyochoma ni yako uliyeegemea ukuta. Haya inuka, mtungi uko pale, kisima kiko kule!