Sauti Iliyosema Turudi

Ni mara ngapi umesifiwa kwa jambo ambalo hukulifanya, ukainamisha kichwa kwa unyenyekevu na kulipokea? Usinijibu mimi. Jijibu mwenyewe, halafu sikiliza habari ya Teuku Banta.

Wametusimulia waliotutangulia kwamba katika usultani wa Acheh, kisiwani Sumatra, zama zile Wareno walipokuwa wakizisumbua pwani za Waislamu kuanzia kwetu hadi huko, alikuwako panglima, yaani amiri wa jeshi, mcha Mungu kwelikweli. Banta hakuwa mnafiki. Alifunga Jumatatu na Alhamisi, alilisha mayatima, na askari wake walimpenda. Nalisema hili mapema, maana tumezoea visa ambavyo mkosaji hunuka ukosaji tangu mlangoni.

Jeshi la Acheh lilipigana kwa ndovu. Na kwa kuwa ndovu huogopa moto, walimfundisha hivi: waliripua baruti mbele yake, na nyuma ya moshi wakamwekea mzigo wa miwa. Baada ya miezi kadhaa, mnyama akisikia mzinga hakimbii. Anaufuata.

Siku ya kuishambulia ngome ya Wareno, Banta alipanda ndovu mkubwa kuliko wote. Shingoni aliketi Lateh, mwendeshaji wake kwa miaka kumi na miwili, aliyemwongoza mnyama kwa vidole vya miguu nyuma ya masikio. Mizinga ikanguruma yote kwa pamoja, moshi ukafunika kila kitu, na kutoka juu ya ndovu ikasikika sauti: "Turudi! Geuza, turudi!"

Lateh akabonyeza nyuma ya sikio la kushoto, akabonyeza tena kwa kisigino. Wapi. Ndovu alikuwa na njaa, na alikuwa na yakini yake kuhusu miwa. Akatimka moja kwa moja hadi kwenye mizinga, jeshi likamfuata kwa takbiri, na Wareno wakaiacha ngome wazi.

Mji mzima ukaimba jina la Banta. Sultani akaamuru apewe upanga wa heshima siku ya Ijumaa na awe mkuu wa majeshi yote. Banta akasema, "Ushindi ni wa Mwenyezi Mungu," nayo ilikuwa kweli kuliko walivyodhani waliomsikia.

Lakini askari watatu waliokuwa kando ya ndovu waliapa mbele ya kadhi kwamba waliisikia sauti ile. Kuita watu wakimbie vitani adhabu yake ilikuwa viboko themanini mbele ya jeshi, kisha kufukuzwa nchini. Juu ya ndovu walikuwa wawili tu, na mmoja wao alikuwa Banta. Basi wakamkamata Lateh.

Alhamisi, baada ya sala ya alasiri, Banta alikwenda gerezani akaketi sakafuni, na futari yake hakuifikiria.

"Umewaambia nini, Lateh?"

"Waliniuliza kama ni mimi, bwana wangu. Nikasema si mimi."

"Na ni nani, hawakuuliza?"

"Hawakuuliza. Naona hawana haja ya kujua."

"Wangeuliza je?"

"Ningesema kweli. Ndiyo maana namwomba Mola wasiniulize."

Banta akatazama miguu ya mtu yule, sugu zake, kidole gumba kilichopinda kwa kazi. "Unanionea huruma," akasema.

"Nakuonea huruma. Mimi kesho nitachapwa mgongo, utapona. Wewe watakupa upanga, nawe utauvaa kila siku."

Banta akatoka bila kuaga. Njiani alijitafutia hoja, na kwa kuwa alikuwa amesoma, alizipata nyingi: kwamba jeshi lisilomwamini amiri wake hushindwa, kwamba kuficha aibu ya Muislamu ni jambo jema. Lakini aibu aliyotaka kuificha ilikuwa yake mwenyewe, na mgongo wa kuifichia ulikuwa wa mwingine. Riya, yaani kutaka kuonekana mwema, haitaki uwe mwovu, ndugu zangu. Inataka unyamaze tu wakati wengine wanasema.

Ijumaa, uwanja ulijaa. Lateh alisimamishwa upande mmoja, upanga umelazwa kwenye mto wa hariri upande wa pili.

"Una neno la mwisho?" kadhi akamuuliza Lateh.

"Sina, Sheikh. Mola ananijua."

Mchapaji akakunja mkono wa kanzu. Banta akasimama.

"Kaa, Banta," Sultani akasema akitabasamu. "Zamu yako bado."

"Zamu yangu ndiyo hii, Maulana." Sauti yake ilikuwa ileile iliyoamrisha vikosi, na safu ya mwisho iliisikia. "Mfungueni huyo. Aliyesema turudi ni mimi. Niliogopa, nikataka kukimbia. Lateh alinitii. Ndovu ndiye aliyekataa."