Kadha ya Vidole

Hii nimeipata kwa shangazi yangu, na nimeona si haki ikae kwenye simu yangu peke yangu. Isome hata kama mikono yako ni mizima.

Huko Wete, Pemba, aliishi Bi Mgeni, mshona kofia. Kofia zake za mkono zilisifika kwa matundu madogo yaliyolingana, kila tundu limezungushiwa uzi kwa subira. Mwanawe wa pekee, Khatibu, alikuwa Maskati, mwaka wa sita sasa. Siku moja akapiga simu.

"Mama, Iddi hii nakuja. Nataka nikasali na kofia yako."

Bi Mgeni akashona asubuhi, mchana na jioni. Furaha ikamsahaulisha kupumzika. Baada ya wiki chache, kidole gumba cha mkono wa kulia na viwili vinavyokifuatia vikafa ganzi. Sindano ikimponyoka hata hajui.

Hospitalini, Zuwena, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, akamweleza kwamba mshipa wa fahamu umebanwa kwenye kifundo cha mkono.

"Sindano iweke kando kwanza. Ukilala, funga mkono kwa gango hili usijikunje. Na vidole vinyooshe, vikunje kama ndoano, kisha fumba ngumi taratibu. Mara kumi asubuhi, mchana na jioni."

"Hayo tu?" Bi Mgeni hakuamini. Maradhi makubwa, dawa ya kitoto!

Akafanya siku mbili, akaacha. Siku ya kurudi kliniki, baada ya wiki, ilipofika ndipo akakumbuka. Basi akafanya kama alivyozoea kufanya kwa siku za Ramadhani zilizompita: akalipa kadha, yaani deni la siku alizoziacha. Alikaa ukumbini tangu asubuhi, akafumba na kufumbua mara mia na hamsini bila kupumzika.

Alipofika kliniki, Zuwena akauona mkono umevimba. "Bi Mgeni, umefanya nini?"

"Nimelipa kadha zote, mwanangu. Sidaiwi."

Zuwena hakucheka, ingawa mimi ningecheka. Akauliza, "Huyo mwanao uliyenihadithia, Khatibu, hukupigia simu lini?"

"Kila siku baada ya alasiri. Dakika tatu, nne."

"Mwambie aache. Akupigie mara moja kwa mwezi, mzungumze saa mbili mfululizo. Si hesabu ni ile ile?"

Bi Mgeni machozi yakamtoka. "Utaniua, mwanangu. Nikiikosa sauti yake siku moja, chakula hakipiti."

"Basi na mkono wako ndivyo ulivyo, mama."

Tangu hapo, asubuhi na mchana alifanya peke yake, na jioni Khatibu akipiga, simu ilikaa mezani na vidole vikafanya kazi yao huku wakizungumza. Hakuruka hata siku moja. Ganzi ikapungua kidogo kidogo. Lakini kofia ilibaki nusu, na Iddi ikafika. Hilo lilimuuma sana: miaka sita ya kumtamani mwanawe, na kitu kimoja alichoomba hakipo.

Khatibu akaingia uani na kofia ya dukani. Bi Mgeni akaanza kumtaka radhi, halafu akaacha, machozi yakamlengalenga. Alikuwa ameushika uso wa mwanawe kwa mkono wa kulia, na vidole vyake vilihisi ndevu. Alipoondoka kwenda Maskati, kijana hakuwa na hata unywele mmoja kidevuni.

"Mama, unalilia kofia?"

"Kofia kitu gani!" akasema, wala hakuuondoa mkono.

Funzo: Mwili ni kama moyo wa mtu anayekungoja, haushibi kwa kurundikiwa siku moja, upe kidogo kila siku, hata kama wewe unaona ni kidogo mno.