Jina Lililobaki Daftarini

Jambo la mwisho la kawaida jioni ile lilikuwa chai. Dada mtu alimmiminia mdogo wake kikombe, akatia vijiko viwili vya sukari bila kuuliza, akamwambia anywe ingali moto.

Huyo mdogo mtu, ndugu zangu, alikuwa amefiwa na mkewe miezi saba kabla. Katika jimbo lao mtunza hazina hateuliwi. Wananchi wa jimbo zima humpigia kura, kama wanavyompigia mbunge. Yeye aligombea. Kila mkutano alisema jambo lile lile: hazina haihitaji mtu mwerevu, inahitaji mtu asiyeandika kitu ambacho hakikutokea. Mchana ule matokeo yalitangazwa. Alikuwa ameshinda kwa kura mia mbili na kumi na mbili. Mpinzani wake akawaambia waandishi wa habari kwamba anazo siku tatu za kupinga matokeo, na kwamba anatafuta kosa moja tu.

Basi wakinywa chai, dada akacheka, akasema marehemu naye alitia mkono katika ushindi ule. Mdogo wake alidhani anazungumzia maombi. Sivyo. Siku ya kuanua matanga, vitu vya marehemu vilipogawanywa, dada alipewa mkoba. Ndani yake akakuta kadi ya kupigia kura. Yeye mwenyewe hakuwahi kujiandikisha. Siku ya uchaguzi akajifunga kitenge, akaenda kusimama kwenye foleni ya kituo cha kura katika shule ambako hakuna aliyemjua.

“Karani alitazama picha, akatazama foleni ilivyo ndefu, akanipa karatasi,” alisema. “Wifi yangu angemchagua nani kama si wewe? Nimempelekea tu kura yake.”

Mtu yule akaweka kikombe chini. Akauliza kama kuna mwingine anayejua. Hakuna.

Ndugu zangu, mngefanya nini hapo? Ondoa kura hiyo moja, bado ameshinda. Akinyamaza, siku tatu zikiisha anaapishwa. Akisema, anamkabidhi mpinzani wake lile kosa moja analolitafuta, na anampeleka mahakamani dada aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Huenda akafungwa. Ni nani kati yetu angemfunga dada yake kwa ajili ya kura isiyobadilisha kitu?

Dada aliuona uso wake ukibadilika.

“Wewe ulivyo, hata malaika mtoa roho ungemdai stakabadhi,” alisema. “Nani ameumia, baba? Nitajie mtu mmoja.”

“Mke wangu. Miaka kumi na tisa sikumsikia akisema uongo. Umemwanzishia akiwa kaburini.”

Dada alikusanya vikombe, akavirudisha kwenye sinia. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, bila ubishi:

“Na jina lake lilikuwa linafanya nini daftarini?”

Baada ya maziko, mtendaji wa kata alikuwa amemwelekeza mtu yule vizuri: apeleke cheti cha kifo kwenye ofisi ya uchaguzi, jina lifutwe. Cheti alikipata. Mara mbili alifika nacho mpaka mlangoni pa ofisi ile, na mara mbili akarudi nyumbani. Alitaka pabaki mahali pamoja duniani, katika kitabu cha serikali, ambapo mkewe bado yu hai, ana miaka arobaini na minne, na anakaa mtaa ule ule. Alijiambia kwamba jambo hilo halimdhuru mtu.

Yeye aliyewaambia watu wa jimbo zima wasimchague mtu anayeandika kisichotokea, alikuwa ameacha maandishi yaseme kisichokuwepo.

Sisi tuliosikiliza tulikuwa tumekwisha kumhukumu dada, sivyo? Lakini dada alipita mlango ambao mwingine aliuacha wazi. Uongo wa tamaa tunaujua, tunaukemea kila wiki. Uongo wa mapenzi tunaukaribisha ndani, tunaupa kiti, kwa sababu umevaa nguo za mtu tuliyempenda. Tunasema huyu hana madhara, mwacheni akae. Naye anakaa, mpaka siku anapopata wa kumtumia.

Kumpenda aliyekufa si kukataa kwamba amekufa. Nalisema hili taratibu, kwa kuwa si jepesi. Mungu hatuombi tuache kulia. Anatuomba tusimfanye marehemu shahidi wa jambo asilolishuhudia. Na kabla hatujasimama kudai kweli kwa jirani, kwa ndugu, kwa serikali, tuanze na ile kweli ambayo sisi wenyewe tumeshindwa kuipeleka mpaka mlangoni.

Mtaniuliza kama aliapishwa, na dada yake alifanywa nini. Hayo niyaache. Nitawaambia alichofanya asubuhi iliyofuata. Alifika ofisi ya uchaguzi kabla haijafunguliwa, dada yake kando yake. Dada alikuwa amekuja bila kuitwa. Karani wa ofisi alipofungua dirisha, akawauliza shida yao.

“Nina mambo mawili,” alisema yule mtu. “La kwanza ni kosa langu mimi. Mke wangu amefariki. Naomba mfute jina lake.”

Akatoa cheti, akasubiri mpaka karani alipopiga mstari juu ya jina lile. Kisha akaanza kueleza la pili.